Kivuli cha saa tisa: uchambuzi wa kisa kimoja cha Left Gully

Lifti za New England zikishafungwa, wapenzi wa skii wa upande ule wa Marekani hubaki na mahali pamoja pa kukimbilia: Tuckerman Ravine, ubavuni mwa Mount Washington, New Hampshire. Theluji pale hukaa hadi Mei, na miaka mingine huvuka kuingia Juni. Bonde lenyewe halina lifti. Unafunga skii mgongoni, unapanda kwa miguu, unashuka mara moja au mbili, basi, siku imekwisha.

Watu wawili wa kisa hiki nimewaunda mwenyewe. Bonde, njia, sheria na tabia ya theluji ni vya kweli. Nitamwita mmoja mwenyeji na mwingine mgeni. Mwenyeji amelipanda bonde hili tangu ujana wake. Mgeni ni shemeji yake, kijana mwenye nguvu, mtelezaji mzuri kabisa, lakini skii zake zote amezifanyia kwenye milima yenye lifti. Hajawahi kubeba skii begani zaidi ya kutoka kwenye gari hadi kwenye foleni.

Ni Jumatano katikati ya Mei. Usiku uliopita anga lilikuwa jeupe, halina wingu, na huko juu kila kitu kiliganda. Asubuhi jua limetoka kali. Wanafika Pinkham Notch, inapoanzia njia ya kupanda, saa tano asubuhi kwa sababu safari ya gari ilikuwa ndefu, na kwa sababu mwenyeji alishasema mwezi Mei hakuna haja ya kuwahi, theluji ya asubuhi ni chuma. Hilo la pili ni kweli, na ndiyo maana ni hatari: ni nusu ya habari.

Kutoka Pinkham Notch hadi vibanda vya Hermit Lake ni kilomita 3.9 za mawe na matope, na unapanda zaidi ya mita 550. Ukiwa na skii na buti mgongoni, saa mbili na zaidi. Wakati wa baridi watu hushuka kwa njia ya Sherburne, iliyokatwa maalumu kwa ajili ya skii miaka ya 1930, lakini Mei theluji yake huwa imeshakatika vipande. Kwa hiyo unabeba mzigo kupanda na unaubeba tena kushuka. Asubuhi wote huijua hesabu hii ya miguu. Ni jioni ndipo wanapoihisi.

Pale garini mgeni aliuliza kuhusu kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti. Mwenyeji akamwambia aziache, zinaongeza uzito, theluji ya Mei ni laini. Kwenye maegesho hewa ilikuwa ya fulana. Yeye mwenyewe alichukua shoka lake la barafu, kwa mazoea tu.

Hermit Lake wakafika saa saba na nusu. Ubao wa matangazo ulikuwa na mambo ya kawaida ya msimu: nyufa kwenye theluji, theluji iliyoliwa na maji kwa chini, vipande vya barafu vinavyodondoka, na kile kipande cha Tuckerman Ravine Trail kinachopita kwenye ukuta wa bonde kuanzia Lunch Rocks, miamba ambako watu hupumzikia, kwenda juu kimefungwa kwa matumizi yote, pamoja na skii za pale The Lip, ukingo wa juu wa ukuta huo. Kufungwa huku hutokea kila mwaka ukuta unapoanza kupasuka, na Idara ya Misitu ya Marekani haitanii nako. Wawili hawa waliheshimu tangazo. Kuta za bonde zina mikondo ya theluji ambayo watu huipanda na kuishuka. Mmoja, Right Gully, ilikuwa imeshatoboka, mawe yanaonekana. Mwingine, Left Gully, ilikuwa nyeupe kuanzia juu hadi sakafu ya bonde. Wakaichagua.

Hadi hapo sina ugomvi nao. Ila saa saba na nusu Left Gully ni nzuri kwa macho tu, na hapa inabidi tulitazame bonde lenyewe.

Tuckerman ni bakuli lililochongwa na barafu ya kale, mdomo wake ukitazama mashariki na kusini-mashariki. Theluji yake nyingi haikudondoka pale. Mount Washington, mita 1,917, ni mlima wa upepo. Mwaka 1934 kituo cha hali ya hewa kileleni kilipima kilomita 372 kwa saa. Upepo wa magharibi hufagia uwanda wa juu na kuimwaga theluji ndani ya bakuli majira yote ya baridi, ndiyo maana huku kunabaki weupe wakati viwanja vyenye lifti vimeshaota majani. Ila theluji hiyo imelala kwenye kuta zinazotazama pande tofauti. Right Gully inatazama kusini, hulainika mapema na hukaa kwenye jua muda mrefu. Left Gully iko upande wa pili, inatazama kaskazini na mashariki. Hupata jua la asubuhi kwa pembe ya kulala, hulainika taratibu kuelekea katikati ya siku, kisha jua likishavuka linaipa mgongo. Hiyo ndiyo sababu theluji yake hudumu kuliko ya mikondo mingine, na ndiyo sababu mchana wake ni mfupi. Sifa inayowavutia watu na hatari inayowaumiza ni kitu kimoja.

Theluji ya majira haya ni ya punje. Imeyeyuka na kuganda mara nyingi hadi imekuwa chembe kubwa za duara, na kati ya chembe kuna utando wa maji. Jua likiwepo, utando unabaki maji, chembe zinasukumana, makali ya skii yanazama kidogo na unageuka kwa raha isiyo na mfano. Jua likiondoka, uso wa theluji unaanza kutoa joto lake kwenda angani. Anga likiwa wazi, joto hutoka haraka, na uso unaweza kuganda hata kama hewa unayoivuta ina digrii kadhaa juu ya sifuri. Upepo mkavu unaongeza kasi. Utando wa maji unakuwa gundi. Kwenye mteremko uliokuwa laini saa nane, saa tisa na nusu unaweza kukuta bamba.

Kwa hiyo ule ushauri wa kuwahi Mei, ambao watu huudharau kwa kusema asubuhi ni barafu, una maana nyingine. Hauwahi ili ukimbie joto. Unawahi ili ulikute. Kwa Left Gully mtu angetaka awe tayari chini ya mkondo kabla ya saa tano, akae, ale, apapase theluji kwa buti kila baada ya muda, na apande inapoanza kuitika. Akishuka saa saba, ana akiba. Akianza kupanda saa nane na robo, kama hawa wawili, anapanda akiifuata theluji inayomkimbia.

Sasa twende kwenye upandaji, maana ndipo kisa kinapoamuliwa, si kwenye anguko.

Chini kabisa, ncha ya buti ilikuwa inazama hadi katikati ya muundi. Ngazi nzuri, pana, mgeni anakanyaga alipokanyaga mwenyeji na anatania. Viatu vyao vya kutembea waliviacha kwenye jiwe sakafuni. Baada ya theluthi moja, buti linazama kiasi cha vidole vinne. Mwenyeji anapiga teke mara mbili badala ya mara moja. Kivuli cha ukuta wa kushoto kimeshagusa ukingo wa juu na kinateremka kuwalaki. Katikati ya mkondo wanaingia ndani yake. Hewa inabadilika ghafla, mgeni anavaa koti. Buti sasa linaingia vidole viwili, na mlio umegeuka: mwanzo ulikuwa wa kuchota sukari, sasa ni wa kugonga. Karibu na juu kabisa, mwenyeji anapiga mateke matatu, manne, na ncha ya buti inaruka nyuma.

Akasimama, akageuka, akauliza:

"Shem, unajisikiaje?"

"Niko poa. Twende tu, tumeshafika."

Wakaenda. Swali lile ndilo kosa kubwa la siku nzima kuliko hata saa ya kuanza. Mwenyeji aliuliza kuhusu mwili wa mgeni wakati tatizo lilikuwa chini ya mguu wake mwenyewe. Mgeni naye alijibu kama mgeni anavyojibu: hakutaka kuwa mzigo, hakutaka kuharibu siku ya mtu aliyemleta. Hakuwa na namna ya kujua kwamba teke la nne ni habari. Kwenye uwanja wa lifti hakuna anayepanda kwa buti anachokwenda kushuka. Unafikishwa juu umekaa, na kama mteremko umeganda, kikosi cha doria kimeshauzungushia kamba. Lifti ikifungwa unapoteza pia yule mtu aliyetangulia alfajiri kugonga theluji kwa niaba yako. Kupanda kwa miguu ndiko kunakoijaza nafasi yake, lakini ni pale tu unaposikiliza.

Nafahamu kuna watakaosema mgeni alikuwa mtu mzima, angeweza kukataa. Angeweza. Lakini wawili wanapopanda, na mmoja tu ndiye anayejua lugha ya theluji, kimya cha yule mwingine hakiwezi kuhesabiwa kuwa kura. Mwenyeji alipaswa kusema alichokisikia: "Inaganda. Tulipofika panatosha."

Na palikuwa panatosha. Watu wengi wanaokuja Tuckerman wanaamini kwamba mkondo usiopandwa hadi juu haujapandwa. Mimi siioni hoja. Pale kwenye theluthi ya kwanza, buti likizama vidole vinne, mtu angeweza kuchimba jukwaa kwa kisigino, kwanza akachomeka fimbo zake imara, kisha akavaa skii ya upande wa bondeni, halafu ya upande wa mlimani, na kushuka mizunguko kumi na miwili ya theluji nzuri. Kuvaa skii kwenye digrii arobaini si mchezo, skii ikikuponyoka haisubiri, lakini ni kazi ndogo kuliko ile iliyowangoja juu.

Juu kabisa, saa tisa na nusu, walikuwa na chaguo tatu, mbili kati yake zimeshadhoofishwa na mambo ya asubuhi.

La kwanza, kushuka kwa miguu, uso ukitazama mlima, kwa kramponi na shoka. Shoka lilikuwa moja. Kramponi zilikuwa garini.

La pili, kutoshuka kabisa kwa mkondo. Kutoka juu ya Left Gully unaweza kuvuka kwenye mawe kwenda kuikamata njia ya Boott Spur, ambayo hushuka kwa mgongo wa mlima na kukurudisha karibu na Pinkham Notch. Ni ndefu, ina upepo, na inachosha, lakini hakuna mteremko wa barafu wa kukutupa. Ila viatu vya kutembea vilikuwa juu ya jiwe sakafuni mwa bakuli. Karibu kila mtu huacha viatu chini, kupunguza uzito wa gramu mia kadhaa, na mara nyingi haidhuru. Siku inayodhuru, unagundua kwamba viatu vile vilikuwa mlango wako wa nyuma. Kwa buti ngumu za skii, saa nne za mawe.

La tatu, kushuka kwa skii na kuomba Mungu. Wakachagua hilo, na mgeni akatangulia, kwa sababu mwenyeji alitaka kumwona.

Mzunguko wa kwanza alikwaruza. Wa pili akaushika. Wa tatu makali ya skii ya chini yalikosa kung'ata, nyonga ikagusa theluji, na akaanza kuserereka.

Tuweke hesabu hapa, maana watu wanaposikia kwamba ni lazima ujizuie haraka, hawajui haraka ni kiasi gani. Kwenye mteremko wa digrii 40 ulioganda, ukishatoa msuguano mdogo wa koti juu ya barafu, unaongezeka kasi kwa takriban mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Sekunde mbili baada ya nyonga kugusa, unakwenda kama kilomita 36 kwa saa. Kujizuia kwa mikono na ncha za buti kunawezekana ndani ya sekunde ile ya kwanza. Baada ya hapo wewe ni mzigo. Mtu mwenye skii miguuni hana hata ncha za buti za kuchomeka, na skii ikikwama huku mwili unaendelea, kinacholipa ni goti.

Skii moja ilifunguka, ya pili ikachelewa. Akaenda nayo sehemu kubwa ya mkondo, akasimama sakafuni. Mkondo wa Left Gully, ukilinganisha na jirani zake, una mahali pa kusimamia pasafi, na hilo halikuwa zao la ustadi wa yeyote. Angekuwa upande wa kulia wa bakuli, ambako theluji hupasuka na kuacha mashimo kati yake na mwamba, na maji yanapita chini, tungekuwa tunaandika kisa kingine. Alikuwa mzima wa kichwa, kofia ngumu ilifanya kazi yake. Goti la kushoto lilikuwa halibebi.

Mwenyeji alishuka kwa kuserereka pembeni, skii zimekaa mkingamo, sentimita kwa sentimita. Zikampita kama dakika arobaini kabla hajamfikia shemeji yake, na dakika zote hizo aliyekuwa na mgeni ni mtelezaji mwingine asiyemjua yeyote kati yao, aliyekuwa anafungasha aondoke.

Uokoaji nitaupitia haraka ingawa ndio uliokula saa nyingi. Kati ya majira ya baridi na Mei, walinzi wa theluji wa Idara ya Misitu ndio wanaoongoza uokoaji bondeni humu, na wikendi huwa kuna doria ya kujitolea. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Simu bakulini haikushika. Mtelezaji yule akashuka Hermit Lake kutoa taarifa, machela ikaja. Mwezi wa tatu machela inavutwa juu ya theluji hadi barabarani. Mwezi wa tano inabebwa juu ya mawe, watu sita kwa wakati mmoja na wengine sita wakingoja kupokezana, kilomita nne, gizani. Kuna wanaoteleza Tuckerman miaka mingi bila kuliwaza hili: kadiri theluji inavyopungua njiani, ndivyo anguko lile lile linavyowagharimu watu wengi zaidi.

Kuna pia gharama ya fedha. Sheria ya New Hampshire inaruhusu mtu aliyeokolewa kutozwa gharama za uokoaji endapo alifanya uzembe. Tangu 2015 jimbo linauza kadi iitwayo Hike Safe, dola 25 kwa mtu mmoja, na mwenye nayo hasamehewi kila kitu: inamkinga dhidi ya bili ya uzembe wa kawaida, si dhidi ya kujitia hatarini kwa makusudi. Je, kuacha kramponi garini katikati ya Mei ni uzembe? Mimi ningesema ni uzembe mdogo unaofanywa na nusu ya watu waliokuwa kwenye maegesho siku ile. Kuendelea kupanda baada ya teke la nne ni mkubwa zaidi, ila huo haumo kwenye orodha ya vifaa, na hakuna ofisa atakayeuliza kuuhusu.

Bonde hili lina umaarufu unaochochea mambo haya. Mwaka 1939, kwenye mashindano ya Inferno, Toni Matt, Mwaustria wa miaka 19, aliuteremka ukuta wa Tuckerman moja kwa moja bila kugeuka na kutoka kileleni hadi Pinkham Notch kwa dakika 6 na sekunde 29. Hadithi hiyo inasimuliwa Lunch Rocks kila masika, na ni tamu. Lakini ni hadithi ya mtu aliyesimama kwa miguu yake hadi mwisho, na ukiisikia mara nyingi unaanza kudhani mteremko huu ni wa kusamehe.

Limebaki jambo moja ambalo wengi wanaochambua visa vya namna hii hulipuuza: nani atangulie kushuka. Mwenyeji alimtanguliza mgeni ili amwone. Inaonekana ni upendo, na kwenye theluji laini ni sawa. Theluji ikiwa na shaka ni kinyume. Aliye juu anaona kila kitu na hawezi kufanya lolote. Mwenyeji angetangulia, angekwaruza yeye mzunguko wa kwanza, na kwa uzoefu wake angejua pale pale. Mita kumi chini ya ukingo angeweza kuchomeka shoka, kupaza sauti kwamba mgeni avue skii na abaki alipo, kisha kupanda tena hatua kwa hatua akijichongea vishikio. Dakika kumi, labda kumi na tano. Halafu saa nne za Boott Spur ndani ya buti za skii, vifundo vikiwaka moto, na gari wangelifikia giza likiingia.